Karai la Shauri Moyo na Ndege ya 1959

Wazee waliosoma ng'ambo miaka ya sitini wakikutana, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye mambo mawili. La kwanza ni theluji: siku walipoiona mara ya kwanza, koti la kuazima, masikio yaliyokufa ganzi. La pili ni chakula. Hapo hata profesa aliyekuwa amenyamaza anaamka. Huyu alitamani githeri yenye maharagwe yaliyoiva hadi yakapasuka. Yule alitamani mandazi ya asubuhi, yakiwa bado yanatoa moshi. Mwingine alikuwa akiota samaki wa ziwani na mchuzi mzito. Watu wanacheka, wanatikisa vichwa, halafu mmoja anasema neno la kufunga kikao: "Zile siku zilikuwa siku."

Hadithi hizi huchukuliwa kama sukari ya historia. Ni tamu, lakini tunaambiwa historia yenyewe iko kwenye majina ya vyuo, shahada na vyeo walivyorudi navyo. Mimi naona tumeipima vibaya. Chakula ambacho mwanafunzi alikitamani akiwa mbali ni ushahidi kamili. Kinatuambia nani alikuwa akimlisha, kwa kazi gani na chini ya sheria gani. Ukiufuata ushahidi huo kutoka bweni la Marekani kurudi nyuma, njia inapita Eastlands, mitaa kama Shauri Moyo, na inaishia mbele ya karai la mafuta na mwanamke ambaye jina lake halimo kwenye orodha yoyote.

Shauri Moyo wenyewe ulizaliwa kwa kubomolewa kwa mtaa mwingine. Pangani ya zamani ilikuwa kijiji cha Waafrika ndani ya Nairobi. Wakazi wengi walikuwa Waislamu, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwemo wanawake wengi waliojijengea kwa pesa yao. Serikali ya kikoloni ilitaka Waafrika wote wakae sehemu moja, upande wa mashariki, mahali inapoweza kuwahesabu. Pumwani ilianzishwa mwaka wa 1922. Kufikia 1938 zamu ya Pangani ikafika. Nyumba zikavunjwa, na manispaa ikajenga Shauri Moyo ili kuwapokea waliofukuzwa. Mwanamke aliyekuwa na nyumba yake Pangani alipewa chumba cha manispaa. Angeweza kuishi humo na kupangisha, lakini hakuwa tena na mali ya kurithisha. Ukilisikiliza jina la mtaa ukijua hayo, shauri na moyo, hutalitamka tena kama jina la stage tu.

Mtaa ukajazwa na majirani. Upande mmoja ni Pumwani na Gikomba, upande mwingine Kaloleni, mbele kidogo Muthurwa ya wafanyakazi wa reli. Kuna uwanja wa Kamukunji wa mikutano ya siasa. Kuna soko la Burma, lenye jina la nchi ambako askari wetu wa King's African Rifles walipigana Vita vya Pili vya Dunia, na hadi leo ni mahali pa kwenda ukitaka nyama. Katika eneo dogo hivi waliishi Wakikuyu, Waluo, Wakamba, Waluhya, Wanubi, Waswahili wa Pumwani na watu kutoka Uganda na Tanganyika. Wote walipika kwenye vyumba vidogo, na moshi wa jirani ulikuwa moshi wako.

Ndiyo maana chakula cha Eastlands hakikuwa cha kabila moja. Mahindi na maharagwe, Mkikuyu anaita githeri na Mluo anaita nyoyo. Mkamba anayakoboa mahindi kwanza, anapata muthokoi. Chapati ilitoka kwa Wahindi, ikakaa hapa hadi ikawa chakula cha Krismasi cha watu wasiowahi kuingia duka la Mhindi isipokuwa kununua unga. Mahamri na mbaazi vilipanda na gari moshi kutoka pwani. Sukuma wiki ni mboga iliyoletwa kutoka ng'ambo, na jina lake limetungwa na mtu ambaye mshahara haukufika Ijumaa. Mtoto aliyekulia humu hakuwa na chakula cha ushago pekee moyoni mwake. Alikuwa na chakula cha mji, na mji huo ulipikwa zaidi na wanawake.

Kazi hiyo ilikuwa kosa, au karibu na kosa. Chini ya utawala wa kikoloni, kuuza barabarani kulihitaji leseni, na aliyeuza chakula kilichopikwa alitazamwa kama hatari kwa afya ya mji. Alikuwa mchafu, anazuia njia, anavutia wazururaji. Wakati huo huo mji haungeweza kwenda bila yeye. Maelfu ya wanaume waliletwa Nairobi kufanya kazi wakiwa peke yao, wakalipwa mshahara wa mtu mmoja na kupewa nafasi ya kitanda. Nani angewapikia? Mama alikaa nje ya kiwanda na debe la uji, au kona ya mtaa na karai. Akiona askari, alifunika sufuria na kukimbia. Akishikwa, alimwagiwa chakula na kutozwa faini. Kesho yake alirudi, kwa sababu watoto walikuwa wanasubiri karo.

Halafu ikaja Operesheni Anvil. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi, likapita mtaa kwa mtaa likichuja Wakikuyu, Waembu na Wameru. Maelfu walipelekwa kizuizini, na wanawake na watoto wengi wakarudishwa kwa nguvu vijijini. Katika vitabu tunasoma hesabu za waliokamatwa. Ni mara chache tunajiuliza ni meko mangapi yalizimwa asubuhi ile, na nani alipika kesho yake.

Sasa tuingie kwenye ndege. Mtu aliyeipanga zaidi ya wengine alikuwa Tom Mboya, na kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mkaguzi wa afya wa halmashauri ya jiji la Nairobi. Kazi yake ilihusu usafi wa mji, pamoja na vyakula na maziwa. Katika kitabu chake cha 1963, *Freedom and After*, anasimulia jinsi alivyokuwa peke yake ofisini akipima sampuli za maziwa. Mama Mzungu akaingia na chupa, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu yeyote humo ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Alimjibu kwa kumuuliza kama macho yake yana kasoro. Kisa hiki husimuliwa kueleza ubaguzi wa rangi, na ni sawa. Lakini kina upande mwingine. Kijana wa Kiafrika alikuwa amewekwa pale kuhakikisha mji unakula na kunywa salama, na mji haukumwona. Mama wa karai alikuwa katika hali hiyo hiyo, isipokuwa yeye hakuwa na mshahara wala koti jeupe.

Mboya alisoma Ruskin College, Oxford, mwaka wa 1955 na 1956. Alipotoka huko alitembelea Marekani na kujenga urafiki na vyama vya wafanyakazi. Msaada wa vyama hivyo ulichangia ujenzi wa Solidarity House pale Digo Road, mwendo wa miguu tu kutoka Shauri Moyo. Mwaka wa 1959 alirudi Marekani, akazunguka akihutubia na kuomba nafasi za masomo vyuoni. Nafasi zilipatikana, ila nauli haikuwepo. Ndipo shirika la African American Students Foundation likaanza kuchangisha, na waliotia sahihi barua ya kuomba michango ni Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Septemba 1959 ndege ya kukodi ilibeba wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka bahari kwa mpango huo, wengi wao Wakenya.

Majina haya makubwa yanajulikana. Kinachosahaulika ni kwamba tiketi ya ndege haikutosha. Mwanafunzi alihitaji pesa ya mfukoni, koti, viatu na sanduku. Hapo kukawa na karamu za chai. Jamaa na majirani walikusanyika, sufuria kubwa ya chai ikawekwa, mandazi na mkate vikapangwa mezani. Kikombe cha senti chache kilinunuliwa kwa shilingi kadhaa, kwa sababu si chai iliyokuwa ikinunuliwa. Wengine waliuza kuku, wengine mbuzi. Tunajivunia Harambee kama neno la uhuru, lakini kabla halijaandikwa kwenye nembo ya taifa, lilikuwa tayari linafanya kazi kwenye birika. Na nani alikanda unga wa mandazi yale? Nani aliamka saa kumi usiku kuwasha moto? Mchango wa mwenye duka uliandikwa kwenye daftari. Mchango wa mpishi uliliwa.

Walipofika huko, mambo ya kwanza kuwashangaza yalikuwa mezani. Wangari Maathai, aliyeondoka Septemba 1960 kwenda chuo cha Mount St. Scholastica huko Atchison, Kansas, amesimulia walivyosimama njiani Indiana kunywa soda. Wakaambiwa wanaweza kununua, lakini wakanywe nje. Walikuwa wametoka Kenya ambako hoteli kubwa za Nairobi zilikuwa za Wazungu, na sasa walikuta mlango ule ule kwenye nchi iliyowaalika. Kwa hiyo tukisikia kumbukumbu tamu za Marekani, tujue utamu huo ulichaguliwa. Mtu aliamua kuwakumbuka masista waliompokea na familia iliyomwalika Krismasi, na ile soda akaiweka kando bila kuisahau.

Halafu kulikuwa na mahindi. Fikiria kijana anafika Kansas au Iowa. Mashamba ya mahindi hayana mwisho, mtu anaendesha gari saa nzima na bado ni mahindi. Anajiambia, angalau ugali sitakosa. Kumbe mahindi mengi pale ni ya ng'ombe na nguruwe, nayo ni ya njano. Unga ukipatikana, ni chembechembe za manjano zisizoshikana, na mwiko hauna. Anapika, anapata kitu kati ya uji na mchanga. Amezungukwa na mahindi, na ana njaa ya ugali.

Kicheko hiki kina historia ndefu. Mahindi asili yake ni huko huko Amerika, na yalifika pwani yetu baada ya Wareno. Sisi tukayapa jina la Uhindi, kana kwamba yalitoka upande ule mwingine wa bahari. Huo weupe wa ugali wetu nao si wa tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa Kizungu wa Kenya walipanda mahindi meupe kwa sababu soko la wanga la Uingereza lililipa zaidi kwa meupe. Posho ya vibarua ikawa nyeupe, na kizazi kimoja baadaye ikawa ndiyo mila. Ndiyo sababu wakati wa ukame wa 1984, mahindi ya njano ya msaada yalipoingia, watu waliyala kwa kununa, wakisema hiki ni chakula cha mifugo. Mtu aliyesoma Kansas angeweza kuwaambia kwamba huko yanakotoka, hawajakosea sana.

Waliopelekwa vyuo vya Waamerika weusi kule Kusini walikutana na jambo jingine. Vijana wa ndege ya 1959 walifika hadi Philander Smith College, Little Rock, jimbo la Arkansas. Kusini kule watu weusi wanakula majani ambayo ni ndugu wa sukuma wiki, yamechemshwa muda mrefu na nyama. Wanakula kunde, na kunde zilitoka Afrika pamoja na watu waliotekwa utumwani. Bamia hivyo hivyo. Mwanafunzi aliyetoka nyumbani akidhani anakwenda kwa wageni alikuta sahani inayomfahamu kuliko yeye alivyoifahamu. Hakuna mwalimu wa historia Nairobi wakati huo aliyekuwa akifundisha hilo. Kunde zilifundisha.

Upande wa pili wa dunia walikwenda wale wa Oginga Odinga, wengi wakipitia Cairo, hadi Moscow na miji mingine ya kambi ya Mashariki. Chuo cha urafiki wa mataifa kilifunguliwa Moscow mwaka wa 1960 na baadaye kikapewa jina la Patrice Lumumba. Huko walikula mkate mweusi, supu ya kabichi na bitiruti, na uji wa nafaka ambayo Kiswahili hakina jina lake. Nao wana kumbukumbu zao nzuri, za nyimbo na urafiki. Wana na zile chungu. Mwaka wa 1965 kundi la wanafunzi Wakenya waliokuwa Baku lilirudi nyumbani likilalamikia ubaguzi. Vita baridi vilikuwa vya wakubwa. Kwa kijana aliyekaa bwenini usiku wa Januari, Mashariki na Magharibi zilifanana kwa jambo moja: hakuna pa kununua chapati.

Basi alichokitamani kilikuwa nini hasa? Viungo vya githeri vyote viwili vilipatikana Marekani, tena kwa bei rahisi. Angeweza kuchemsha. Wengi walichemsha, na haikuwa githeri. Chakula cha Eastlands kilikuwa na mambo ambayo hayauzwi dukani. Kilikuwa na deni, kwanza. "Mama, niandikie, nitakulipa mwisho wa mwezi." Mama anajua mwisho wa mwezi ni maneno tu, lakini anapakua. Kilikuwa na sahani moja kwa vijana watatu. Kilikuwa na macho ya mtu anayejua umekosa shule juzi na anakuuliza ukiwa mdomo umejaa. Mkahawa wa chuo ulikupa chakula kingi kuliko ulivyowahi kuona, na haukujua jina lako. Ndiyo maana ukumbusho wa mandazi unawaliza watu wazima wenye digrii tatu. Wanaomboleza hali ya kulishwa na mtu anayewafahamu.

Hapa ndipo historia hii inanikaa kooni. Walirudi. Kuanzia katikati ya miaka ya sitini waliingia wizarani, vyuoni, mabenki, na hata halmashauri ya jiji. Nairobi ilishapata meya Mwafrika, Charles Rubia, mwaka wa 1962. Viti vilikuwa vyetu sasa. Lakini sheria ndogo za mji dhidi ya wachuuzi hazikuondoka na Mzungu. Askari wa halmashauri alibadilisha tu jina mdomoni mwa watu, akawa kanjo. Leseni zikabaki chache, sufuria zikaendelea kumwagwa. Mei 1990 askari wa jiji walibomoa vibanda na makazi ya Muoroto, pale karibu na stendi ya mabasi ya kwenda mashambani, na vurugu ikatokea. Muoroto ni jirani wa Shauri Moyo kabisa. Mwaka wa 2008 wachuuzi walihamishiwa soko jipya la Muthurwa, na baada ya muda mfupi wengi walirudi barabarani, kwa sababu mteja hafuati soko. Anakula anapofanya kazi.

Sisemi kila aliyepanda ndege ile alikuja kuwa mtesaji wa mama wa karai. Wangari Maathai alipigana na serikali kwa miaka mingi, na Mboya aliuawa kwa risasi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Ninachosema ni kwamba tabaka zima lilijengwa juu ya mapishi ya watu fulani, likawapenda kwa moyo na kuwasahau kwa sheria. Mzee anaweza kulia akikumbuka mandazi ya utotoni, na jioni hiyo hiyo akaandika gazetini kwamba vibanda vinaharibu sura ya mji. Haoni mgongano wowote, maana kwenye kumbukumbu zake mandazi yalitokea yenyewe.

Leo Shauri Moyo unabadilika tena. Ghorofa za mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu zinainuka, na mtaa uliozaliwa kwa kubomolewa Pangani unajua vizuri maana ya tingatinga. Kwenye vibandaski vilivyobaki bado unapata chapo dondo, matumbo, ngumu na KDF, na chai ya rangi kwa asiye na hela ya maziwa. Na kijana anayesubiri viza ya Kanada, Australia au Ujerumani anakaa kwenye benchi hiyo akila kwa deni, kama waliomtangulia. Miaka arobaini ijayo naye atakaa na wenzake mahali fulani, atacheka, atasema zile siku zilikuwa siku.

Wazee wa ndege ya 1959 wanapungua kila mwaka, na watu wazuri wanajitahidi kuwarekodi. Ombi langu kwa wanaoshika kinasa sauti ni dogo. Mkifika kwenye theluji, pitieni haraka, theluji imerekodiwa vya kutosha. Mkifika kwenye chakula, msicheke na kuendelea. Ulizeni mandazi yalipikwa na nani. Aliitwa nani, alikaa nyumba gani, aliuza shilingi ngapi, alikamatwa mara ngapi, watoto wake walisoma hadi wapi. Ulizeni kama yule msomi aliporudi na shahada alipita kumsalimia, na kama lile deni liliwahi kulipwa.